MASHINDANO YA SAIDIA FUNDI: TUPIME UKUTA, TUSIPIME MAKOFI



Kama mlivyoona kwenye ajenda ya kikao cha Jumamosi, vijana wetu wameleta pendekezo la tawi kuandaa mashindano ya ujuzi kwa saidia fundi wa kata yetu: kujenga tofali, kupiga plasta, kusuka nondo. Pendekezo ni zuri na nitaliunga mkono. Ila tangu liwekwe kwenye grupu, mjadala umekuwa ni mgeni rasmi atakuwa nani, fulana ziwe za rangi gani na MC atoke wapi. Nimeona niandike mapema ili tukifika kikaoni tuzungumze jambo lenyewe.

Wote tunamjua saidia fundi. Anaanza kwa kubeba ndoo za zege na kuchanganya udongo. Siku fundi akienda kula, anashika mwiko. Baada ya miaka minne anaweza kunyanyua ukuta kutoka msingi mpaka lenta bila kusimamiwa, lakini bado analipwa kwa siku na bado anaitwa "dogo". Fundi wake akisafiri, naye hana kazi. Ujuzi anao mkononi, ushahidi hana.

Sasa tazameni kazi za umma zinazojengwa kwa force akaunti. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu yake ikaenda kujenga madarasa 15,000, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Fedha zilishuka kwenye akaunti za shule na mafundi wakatafutwa huko huko kwenye maeneo. Wengi wenu mmewahi kukaa kwenye kamati za ujenzi za namna hiyo. Fundi alipatikanaje? Mara nyingi ni yule anayefahamika na mwenyekiti, au aliyetaja bei ya chini. Sisemi wote walikuwa wabovu, wapo waliojenga vizuri sana. Nasema kamati haikuwa na kipimo. Kijana hodari asiye na mtu wa kumtaja hakusikika, na hatasikika kwenye zahanati ijayo wala kwenye choo cha shule kijacho.

Lipo jambo zito zaidi. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, tukazika tena. Simbebeshi saidia fundi lawama za majengo yale. Kwenye ghorofa kuna mwenye jengo, mkandarasi, mhandisi na mkaguzi, na saidia fundi ndiye wa mwisho kuulizwa. Lakini kwenye saiti yoyote, hata ya nyumba ya vyumba viwili, ndiye anayeshika koleo pale anapoambiwa "ongeza maji lilainike" au "punguza mfuko mmoja, mwenye nyumba hayupo". Kijana wa kulipwa kwa siku, asiye na karatasi yoyote, atakataa kwa nguvu gani? Akikataa, kesho analetwa mwingine. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya mashindano haya. Kijana ambaye ujuzi wake umepimwa hadharani na kuandikwa, angalau ana mahali pa kusimama anaposema hapana.

Ndiyo maana nasisitiza upimaji. Mashindano ya ujuzi ya dunia, WorldSkills, yalianzia Hispania, na mwaka 1950 vijana wa Hispania na Ureno walishindana kwa mara ya kwanza kama mataifa. Ujenzi wa matofali ni moja ya fani zake hadi leo. Washindani wote hupewa mchoro mmoja na vifaa vinavyofanana, kisha kazi inapimwa kwa vipimo: urefu, wima, usawa, pembe, usafi wa viungo. Hakuna anayeuliza huyu ni mtoto wa nani.

Na sisi tufanye hivyo kwa uwezo wetu. Napendekeza kila mshindani ajenge kona. Ukuta ulionyooka hata mimi nikiwekewa uzi nitajikongoja, lakini kona inamtambulisha fundi. Ikikamilika, pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama tepu isome futi 5. Isiposoma 5, kona si mraba, hata mashabiki wapige vigelegele mpaka jioni. Wima tupime kwa timazi, usawa wa kila kozi kwa pima maji. Timazi iachwe ikining'inia pale pale ukutani, ili kila mama aliyepita kutoka sokoni aone mwenyewe ukuta umeinama au haujainama. Matokeo ya aina hiyo hayahitaji kutetewa na mtu.

Ukuta upewe namba, usipewe jina. Majaji watoke nje ya kata: walimu wa chuo cha ufundi, na tukimpata mhandisi wa halmashauri itakuwa vizuri. Kiongozi wa tawi asiguse karatasi ya alama, nami nikiwemo.

Kuna mjumbe ameandika kwamba wa kwanza kumaliza ndiye ashinde, ili watu wachangamke. Napinga. Haraka ndiyo inayotuharibia nyumba. Tuweke muda wa mwisho, lakini kumaliza mapema kusimpe mtu alama hata moja. Tukitaka mbio, kuna mbio za magunia.

Kwenye zege kuna ugumu wake, kwa sababu ubora wake hauonekani siku hiyo. Wataalamu hupima nguvu yake siku ya 28. Kwa hiyo pale tuulize. Kijana achanganye karai moja mbele ya jaji, tuone kama anapima mchanga na saruji kwa ndoo au anakisia kwa koleo. Asuke nondo za boriti fupi na ringi zake, kisha aeleze kwa nini nondo zisilale juu ya mbao za fomu, na kwa nini zege linamwagiliwa maji siku kadhaa baada ya kumwagwa. Maswali yawe ya mdomo na kwa lugha ya saiti. Wengine waliishia darasa la saba, na kalamu isiwanyime kile ambacho mwiko umewapa.

Wasichana wapo, wachache, na wengi wamebakizwa kwenye kubeba maji na kokoto. Wasitengewe kundi lao la kupigiwa makofi ya huruma. Wapewe mchoro ule ule na majaji wale wale. Tunachopaswa kufanya ni kuwafuata saiti na kuwaambia wajiandikishe, maana tangazo la grupu hili haliwafikii.

Kuhusu ukuta wenyewe, imesemwa tuwajengeshe uzio wa ofisi ya tawi tuue ndege wawili. Hapana. Uzio uliojengwa na watu ishirini kwa mikono ishirini utakuwa na nyufa ishirini, na mtaa utasema tumejipatia vibarua wa bure. Kona zijengwe kwa chokaa na mchanga, zikishapimwa zibomolewe, tofali zisafishwe na kurudishwa kwa aliyetuazima.

Zawadi sasa. Saidia fundi akija kwetu siku nzima amepoteza ujira wa siku hiyo, na nyumbani wanamsubiri. Fedha ya fulana iende kwenye posho na chakula cha kila mshindani, anayeshinda na anayeshindwa. Washindi wapewe vifaa vya kazi: mwiko, pima maji, timazi. Kisha tawi liwalipie gharama za kupimwa VETA. Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na cheti chake kinatambulika popote nchini. Cheti cha tawi letu, tuseme ukweli, kinatambulika mpaka kwenye daraja pale chini.

Orodha ya waliofaulu na alama zao ipelekwe kwa mtendaji wa kata na kwa kila kamati ya ujenzi, ibandikwe na ubaoni. Wakitaka kuunda kikundi, ipo mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana wametengewa asilimia 4. Ipo pia asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu. Milango hiyo inataka kikundi kilichosajiliwa, na hapo wenzetu wenye uzoefu wa makaratasi wana kazi ya kuwasaidia.

La mwisho ndilo najua litaleta kelele. Kuna makada wanauliza kwa nini tugharamie vijana wasio na kadi yetu. Nasema kadi isiulizwe kwenye meza ya usajili. Darasa likijengwa vibaya, watoto wanaokaa ndani ni wa kwetu na wa wapinzani wetu, dawati moja. Na siku tutakapomtangaza mshindi ambaye mtaa mzima unajua hana kadi, watu wataamini kwamba tulipima ukuta. Akitangazwa kada ambaye kona yake haisomi futi 5, hakuna mkutano wa hadhara utakaotusafisha.

Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Kila balozi aje na majina ya saidia fundi wa eneo lake, wavulana na wasichana, na saiti wanazofanyia kazi. Mwenye tofali za inchi 6 za kuazima kwa siku mbili amwone mweka hazina kabla ya Ijumaa. Mafundi wakubwa mlio humu njooni pia, kwa sababu mchoro wa kona bado haujachorwa.

Katibu Mwenezi wa Tawi