Logo ya Mwanafunzi Nayo Hulipiwa

Bonasi ya majani chai ikiingia, kazi za logo hupatikana Kaplong, pale barabara ya Sotik inapokutana na ile ya Bomet. Kinyozi anataka bango jipya, mama wa hoteli anataka nembo ya kuweka kwa aproni. Kazi yenyewe inaangukia kijana aliyemaliza shule juzi, anayejifunza usanifu kwa laptop ya kuazima. Halafu anaambiwa: "Nitengenezee tu, nitakutumia kitu baadaye."

Wateja wetu wako pande zote mbili za hiyo sentensi, na msimamo wetu ni kwamba isikubaliwe. Bei itajwe kabla ya kazi, hata ikiwa ndogo.

Tunaelewa hofu ya mwenye duka. Huyu bado anajifunza, je akila pesa apotee? Au alete kitu kibaya? Ni hofu ya haki. Lakini kujifunza hakumaanishi bure. Mwaka wa 1971 Carolyn Davidson alikuwa bado mwanafunzi pale Portland, Marekani, alipochora alama ya Nike. Alilipwa dola 35. Zilikuwa pesa kidogo, ndiyo, lakini bei ilijulikana na akalipwa. Mwaka wa 1983 kampuni ilimpa pia hisa na pete. Hayo ya hisa usiyangojee Kaplong! Hizo 35 ndizo za kuangalia.

Njia tunayopendekeza ni nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza inatumwa kabla kijana hajafungua laptop. Akimaliza, anamtumia mteja picha ndogo kwa simu, yenye maandishi juu yake ili isiweze kuchapishwa. Mteja akiridhika analipa nusu iliyobaki, ndipo anapewa faili. Hapo hakuna anayebeba hatari yote peke yake. Na mwambiane mapema ni marekebisho mangapi yako ndani ya hiyo bei, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia kwa "badilisha rangi kidogo" ya mara ya saba.

Mwenye duka, ulizia faili ya vekta. Picha ya kawaida imeundwa kwa vidoti, ukiikuza hadi saizi ya bango inakuwa na ukungu. Vekta hubaki safi kwa risiti na kwa ukuta wa duka. Ukipewa picha ya WhatsApp pekee, utalipia logo hiyo tena siku ya kuchapisha bango.

Kwa anayeanza: usikimbilie programu ya kulipia. Adobe Illustrator ni nzuri, lakini hulipiwa kila mwezi, uwe na kazi au usiwe nayo. Inkscape ni ya bure kabisa, inatengeneza vekta, na hutaijua yote kwa mwaka mmoja. Zile kopi za wizi zinazopitishwa kwa flash ziache, huja na virusi. Canva inafaa kwa simu, ila masharti yake hayakuruhusu kusajili kama alama ya biashara logo iliyojengwa kwa picha za maktaba yao, maana picha hizo zinatumiwa na kila mtu. Mteja wako akienda kusajili jina na alama yake KIPI siku moja, atakwama, na atakukumbuka vibaya.

Halafu, tafadhali, majani mawili na chipukizi. Tunajua ndivyo chai inavyochumwa, lakini katika Kericho na Bomet alama hiyo haitofautishi duka lolote na lingine. Kinyozi hauzi chai. Mwulize kwanza wateja wake humwitaje, wanamtambua kwa nini, kisha chora kwa penseli kabla ya kushika kompyuta.

Malipo yakija, usisome meseji pekee. Meseji ya malipo mtu yeyote anaweza kuitunga, akaituma kwa nambari ya kawaida au akakuonyesha picha yake. Angalia salio lako mwenyewe, na uone kama jina la aliyetuma linalingana na la mteja. Akikuhimiza utume faili haraka kwa sababu "mtandao uko chini, pesa zinakuja," mwambie faili pia inangoja mtandao.