CHETI KIKISHUKIWA, MTU ASIKILIZWE KWANZA

Ndugu Wanachama,

Yako maneno yanayovuma katika maofisi ya Serikali na mashirika yake, na sisi hatuwezi kuyanyamazia. Ni maneno ya vyeti. Mwezi wa Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza vyeti vya watumishi vikaguliwe. Mwezi wa Februari 2024 ikatoa hesabu: katika watumishi kama 28,000 waliokaguliwa, 2,067 walionekana kuwa na vyeti vya uongo.

Tuseme wazi tangu mwanzo, wasiotupenda wasipate la kusema. Hatumtetei mtu aliyenunua cheti. Huyo amemnyang'anya kazi kijana aliyesoma kwa haki, na katika reli cheti cha uongo chaweza kuua abiria.

Lakini kushukiwa si kuthibitishwa. Hapo ndipo twagombana na wakubwa. Mtu husoma kwa jina la ubatizo, na kitambulisho chake kikaandikwa jina la babu. Mama akiolewa hubadili jina. Karani naye hukosea tarakimu moja ya namba ya mtihani, na jibu likarudi kwamba mtu huyo hajulikani. Je, kosa la kalamu ya karani lilipwe na watoto wa mfanya kazi?

Sheria iko, tena ni yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 236, yakataza mtumishi wa umma kuondolewa kazini bila ya utaratibu wa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri amweleze mtu kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikilize kabla ya kukata shauri. Kifungu cha 43 chasema mwajiri ndiye wa kuthibitisha sababu, wala si mfanya kazi. Akishindwa, korti yaweza kuamuru mtu arudishwe kazini, au alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Wako wasemao, "Mwizi hana haja ya kusikilizwa." Twawauliza: mmejuaje kuwa ni mwizi kabla ya kumsikiliza? Mwenye cheti cha uongo hataokolewa na kikao cha siku moja. Atakayeokolewa ni yule asiye na hatia.

Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe mara moja. Katika msako wa siku hizo wakaondolewa pia watu wa darasa la saba ambao hawakuwa na cheti cha Kidato cha Nne. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe, kwa kuwa waliingia kazini kwa haki kabla ya sharti hilo. Haki ilifika, lakini ilifika baada ya njaa. Nasi wenye elimu ya skuli za misheni tuliofunzwa kazi kwa mikono, tuone somo hapo: mtu asihukumiwe kwa sharti lililotungwa baada yake.

Kwa hiyo, ndugu, shikeni haya:

1. Ukipewa barua ya mashtaka, ijibu kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.
2. Usiingie katika kikao peke yako. Mwite mjumbe wa chama.
3. Usitie sahihi barua ya kuacha kazi kwa kutishwa.
4. Ikiwa majina yako hayalingani, tengeneza hati ya kiapo sasa, usingoje kuulizwa.
5. Omba uonyeshwe jibu la Baraza la Mitihani au la skuli yako, si maneno ya mdomo tu.

Na kwa wakubwa twasema hivi: kagueni vyeti, hatukatazi. Anzeni na vyenu. Lakini asiondoke mtu hata mmoja langoni kabla hajasikilizwa. Dereva hapiti ishara nyekundu ati kwa sababu ana haraka, na ninyi msiipite sheria.

Umoja ni nguvu.

Sisi wanachama wa reli