Kabla ya kukata tiketi, pima ubao

Makala yako kuhusu kusafiri na ubao wa kupandia mawimbi kwa kasia imepita haraka mno kwenye suala la uwanja wa ndege, na hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Anayekwenda Taghazout, Moroko, kufuata mawimbi ya miezi ya baridi, aupime ubao wake kabla ya kukata tiketi. Mashirika mengi hayapokei mzigo mmoja unaozidi kilo 32, na kila moja lina kikomo chake cha urefu. Ubao wa futi 8 au 9 una nafuu. Wa futi 11 unaweza kukataliwa ukiwa umeshafika kaunta. Ulizia mapema, upate jibu kwa maandishi.

Ubao wa kujaza upepo unakunjwa ukaingia begini, sawa, lakini kwenye wimbi lenye nguvu kingo zake nene hazishiki maji vizuri. Ukiwa na pampu ya umeme, betri ya akiba ya lithiamu ibebe mkononi. Hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Ikiwa ubao wako ni mgumu na una kizibo cha hewa, kilegeze kabla ya kuukabidhi na ukikaze kabla ya kuingia baharini, la sivyo ubao utanywa maji. Fungua mapezi, yaviringishe kwenye taulo. Kasia liwe la vipande vitatu.

Ukifika kwenye mawimbi ya Anchor Point, hapo Taghazout, kumbuka kwamba mwenye kasia huliwahi wimbi kabla ya wenye mbao fupi. Akiyachukua yote, wenyeji watamchukia, na kwa haki. Acha mawili yapite, panda la tatu.