Mashua Zilizopanda Mlima

Nchini Ubelgiji, karibu na mji wa La Louvière, kuna mitambo minne ya kale ya kupandishia mashua. Msafiri huingia na mashua yake ndani ya birika kubwa la chuma lililojaa maji, na mlango hufungwa nyuma yake. Birika la juu huongezwa maji kidogo. Likizidi uzito hushuka, nalo la chini hupanda pamoja na mashua na watu wake. Mtambo wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1888, na mwaka 1998 yote minne iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Ni heshima inayostahili.

Lakini ziwa letu la Tanganyika nalo lina habari ya mashua zilizopandishwa, tena juu zaidi, kwa mikono ya watu. Askari wanaoijua ni wachache.

Mwaka 1915 Wajerumani, waliokuwa na kituo cha kijeshi hapa Usumbura, ndio waliotawala maji ya ziwa. Uingereza ikaleta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi. Kutoka Cape Town zilisafiri kwa garimoshi hadi Fungurume, katika Katanga. Kutoka hapo hadi Sankisia palikuwa na pori, makorongo na milima ya Mitumba, ambako njia ilipanda kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Matrekta mawili ya mvuke yalizivuta. Yaliposhindwa, wakafungwa ng'ombe, na kamba zikashikwa na watu. Wenyeji walikata miti, wakatengeneza barabara, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja. Matrekta yalipokaukiwa, wanawake wa vijiji waliyaletea maji kwa kuyabeba vichwani.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwezi Juni mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia Usumbura, na utawala wao ulidumu hadi mwaka 1962.

Vitabu vinamtaja sana Kamanda Spicer-Simson, na vituko vyake pia. Waliovuta kamba hawana hata jina moja. Wala hilo si jambo geni kwetu: kule Mugere, kusini ya Bujumbura, liko jiwe la Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871 na kukaa siku mbili tu. Wapagazi wao je?

Atakayesema kwamba kazi ile iliwanufaisha wakoloni, hivyo haifai kukumbukwa, amesema nusu ya kweli. Ofisa anayesomea vita bila kusomea njia, maji na mizigo hajasomea vita. Kwa maoni yangu, vijana wa ISCAM wangefundishwa safari ile ya nchi kavu kabla ya mapigano ya majini, maana mapigano yenyewe yalikwisha kwa muda mfupi, na safari ilichukua miezi.

Na pale Musée Vivant, jumba letu la makumbusho tangu mwaka 1977, kibao kimoja kingetosha: ramani ya njia kutoka Fungurume hadi Sankisia, zaidi ya kilomita 200, idadi ya madaraja, na habari ya wanawake waliobeba maji.