Tulipe kwa kilometa na kwa uzito, si kwa kamba



Kila asubuhi, mbele ya jua kutoka, chukudu zinashuka toka Kibumba na kupita hapa kwetu Kanyaruchinya. Zimebeba shu, karoti, vitunguu, na magunia ya makala. Nyuma yao zinakuja Fuso za birayi na maharagi zinazotoka Rutshuru, halafu motari na mama wachuuzi wenye kubeba mzigo mgongoni. Wote wanatumia barabara moja, RN2, na karibu wote wanalipa kitu njiani. Leo tuko na swali: tunalipa juu ya nini, tunalipa kwa nani, na barabara yenyewe inapata nini?

Tunauliza hivi kwa sababu katika nchi nyingi watu wanajadili njia mpya ya kupata feza za kutengeneza barabara: mwenye gari alipe kulingana na kilometa anazotembea. New Zealand wamefanya hivyo tangu 1978. Kule mwenye gari la mazutu ananunua kibali cha kilometa elfu moja moja. Akizimaliza ananunua tena. Tangu Aprili 2024 hata magari ya umeme yanalipa hivyo, kwa sababu gari lisilonunua esanse halilipi kodi iliyofichwa ndani ya esanse, na kumbe linatumia barabara kama mengine.

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya wazungu, hapa kwetu gari la umeme liko wapi? Ni kweli. Lakini sisi pia tuko na sababu zetu za kufikiri juu ya jambo hili, na kwa maoni yetu ni nzito kuliko zile za New Zealand.

Tuanze na mafuta. Katika nchi yetu kuna mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya Julai 2008. Sehemu kubwa ya feza zake inatoka katika kodi iliyowekwa juu ya mafuta, na nyingine kwenye peaje. Wazo lilikuwa zuri: anayetembea sana anachoma mafuta mengi, basi analipa zaidi. Lakini angalia mambo yanavyokwenda kijijini. Mashini ya kusaga unga inatumia mazutu, nayo haijatembea hata metre moja barabarani. Mwenye mashini amelipa kodi ya barabara, na mama aliyepeleka mahindi yake kusagwa amelipa pamoja naye. Jenereta ya kituo cha afya, vilevile. Upande mwingine, mafuta yaliyopita mpakani kwa njia za panya na kuuzwa na Kadhafi kando ya barabara hayakulipa kitu, na gari linaloyatumia linaharibu barabara sawa na mengine.

Halafu kuna barieri. Hapa hatutaki kumtaja mtu. Kila mmoja wetu anajua kamba ziko wapi, na anajua kwamba zimebadilisha wenyewe mara nyingi. Ubaya wa kamba ni huu: inatoza mahali, haitozi safari. Mara nyingi Fuso iliyotoka mbali na ile iliyotoka kilometa tano tu zikifika kwenye kamba moja zinalipa sawasawa. Aliyebeba tani saba na aliyebeba tani mbili, sawasawa. Na mwenye chukudu, ambaye gari lake ni mbao na jasho, naye anasimamishwa. Ukilipa huku, kule mbele kuna kamba nyingine, na karatasi ya huku haijulikani kule.

Shofere hatoi feza ile mfukoni mwake. Mnunuzi naye hatoi. Wanaihesabu mapema, wanaikata kwenye bei ya gunia lako ukiwa bado shambani. Ndiyo maana bei ya birayi inaweza kupanda Goma na kushuka Rugari wiki ileile. Kati ya bei hizo mbili iko barabara: mashimo yake, matope yake, na kamba zake. Tusidanganyane kwamba kodi ya barabara ni jambo la wenye magari. Sisi ndio tunailipa.

Sasa, je, kulipa kwa kilometa kungetusaidia? Sisi tunasema ndiyo, lakini kilometa peke yake haitoshi. Lazima uzito uingie katika hesabu.

Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wataalamu walijenga barabara za majaribio na kuzipitisha makamio mchana na usiku kwa miaka miwili. Walitafuta kujua ni nini hasa kinachoua barabara. Jibu lilikuwa uzito unaokaa juu ya ekseli, yaani ile chuma inayobeba magurudumu ya upande huu na upande huu. Na uharibifu haupandi pole pole. Ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, uharibifu unapanda karibu mara kumi na sita. Jaribio lile lilikuwa kwa lami na zege. Kwetu kwenye udongo, wakati wa mvua, gari moja zito linaweza kuchimba kwa saa moja mtaro ambao cantonnier ataujaza kwa siku nzima.

Kwa hesabu hiyo chukudu haidaiwi kitu. Mtu wa miguu hadaiwi kitu. Motari anadaiwa kidogo sana. Anayedaiwa ni mwenye mzigo mzito anayetembea mbali. Na hapa tuwe wakweli: sisi wenyewe ndio tunamwambia shofere, "Ongeza gunia kumi, tunakuomba, hatutapata gari lingine." Halafu wiki inayofuata tunalia kwamba gari limekwama.

Wengine watasema hesabu ya kilometa haiwezekani hapa, kwa sababu kompteri za magari yetu zimekufa zamani, na vyombo vya satelaiti ni ghali. Hatuhitaji vyombo hivyo. Nchi za COMESA, na Kongo yetu ni memba, ziliafikiana zamani juu ya malipo ya makamio yanayovuka nchi: dola 10 kwa kila kilometa 100 kwa kamio yenye ekseli zaidi ya tatu, na dola 6 kwa ile isiyozidi tatu. Hakuna anayetazama kompteri. Umbali kati ya mpaka na mpaka unajulikana, ekseli zinahesabiwa kwa macho, mtu anapewa karatasi. Tanzania nayo iliwahi kutoza makamio ya kigeni yenye ekseli zaidi ya tatu dola 16 kwa kilometa 100 kwa namna ileile. Basi kama umbali wa Rusumo mpaka Dar es Salaam unaweza kuandikwa kwenye karatasi, umbali wa Rutshuru mpaka Goma unashindwaje?

Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Kutoka Rutshuru mpaka Goma ni karibu kilometa 70. Tuchukue Fuso ya ekseli mbili yenye magunia 70 ya kilo mia mia, yaani tani saba. Tukitumia kile kiwango cha dola 6 kwa kilometa 100, safari ni dola 4 na senti 20. Gawanya kwa magunia 70: senti 6 za dola kwa gunia. Ukihesabu na kurudi, senti 12. Kila mkulima achukue hesabu hii aiweke kando ya kile anachokatwa kwa gunia moja "juu ya barieri". Tunafikiri hatahitaji mtu wa kumfasiria.

Kuna neno lingine tunalolisikia kwa wenzetu wa mbali, nalo ni la kweli: kulipa kwa kilometa kutamwonea mkulima wa mbali. Wa Kibumba yuko karibu na soko, wa Kiwanja yuko mbali. Tunawajibu hivi. Leo hii wa mbali ndiye anayevuka kamba nyingi zaidi, ndiye anayepoteza nyanya zake zikioza ndani ya gari lililokwama, ndiye anayelala njiani. Umbali anaulipa tayari, tena bila risiti. Hata hivyo tunakubali kwamba mzigo wa chakula unaotoka shambani unaweza kupunguziwa kiwango, na gari linalorudi tupu lisilipe sawa na lenye mzigo.

Neno la tatu ndilo kubwa, na kila mtu analisema: "Mutalipa, halafu watakula." Tunalielewa. Wengi wetu tumelipa maisha yetu yote na barabara iko vile iko. Ndiyo maana hatusemi "tulipe" na kunyamaza. Katika Uswisi, tangu 2001, makamio yanayozidi tani tatu na nusu yanalipa kwa uzito na kwa kilometa. Theluthi moja ya mapato inarudi kwenye majimbo yao, na theluthi mbili zinabaki kwa serikali kuu. Imeandikwa, inajulikana, mtu anaweza kuuliza. Sisi pia tunataka iandikwe.

Na huku kwetu tayari kuna watu wa kupokea sehemu hiyo na kuifanyia kazi. Tuko na mfano wa CLER, zile kamati za wenyeji za kutunza barabara kwa mikono. Cantonniers wake ni watu wa kijiji, kila kundi na kilometa zake. Wanafungua mifereji, wanajaza mashimo yakiwa bado madogo, wanakata majani, na wanasimamia barieri ya mvua, ile ambayo haitozi kitu, inasimamisha tu magari mazito mpaka udongo ukauke. Mahali ambapo wanalipwa kwa wakati, barabara ya udongo inadumu. Mahali ambapo mradi umeisha na malipo yamekatika, majembe yanarudi nyumbani, na mvua mbili zinatosha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya cantonnier ni kuziba ufa.

Mwezi wa Mei 2021 tulijifunza barabara hii ni nini kwetu. Nyiragongo ilipotapika usiku wa tarehe 22, lava ilikata RN2 hapa kaskazini ya Goma. Mashamba ya Kibumba hayakuungua, mavuno yalikuwepo. Lakini mavuno bila barabara ni chakula cha kuoza, na huku mjini bei ya chakula ilipanda. Watu walianza kukanyaga mawe bado ya moto wakibeba mizigo kichwani. Volkano haiwezi kuombwa risiti. Lakini shimo linalokua toka msimu mpaka msimu si volkano.

Basi tunasema hivi, na tunaomba kila ushirika uyajadili katika mkutano wake.

Kwanza, malipo yawe moja kwa safari moja, na karatasi itakayokubaliwa njia yote. Kama baada ya kulipa kwa kilometa kamba zinabaki palepale, hiyo ni kodi juu ya kodi, na tuikatae.

Pili, kiwango kifuate umbali na ekseli. Chukudu, baiskeli na wabeba mizigo wasitozwe kabisa.

Tatu, sehemu inayojulikana ibaki kwa barabara iliyolipiwa, ipewe makundi ya cantonniers kulingana na kilometa wanazotunza. Wanawake waandikwe pia katika kazi hiyo. Nguvu ya jembe tunayo.

Nne, kila mwezi hesabu ibandikwe mahali pa wazi, kwenye parking, sokoni na ofisini mwa ushirika: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kilometa ngapi zimetengenezwa. Sisi si wanasiasa. Watu wa hapa Kanyaruchinya wamepokea wakimbizi, wamekimbia wao wenyewe, wamerudi. Yeyote anayepokea feza ya barabara, tunamuuliza jambo hilohilo moja: kilometa ziko wapi?

Na sisi wakulima tuna sehemu yetu, ambayo haingojei sheria. Tunalima mpaka kwenye ukingo wa barabara, na udongo wetu unaziba mifereji. Tunatupa majani ya shu ndani yake siku ya soko. Tunazidisha mizigo. Ushirika unaodai hesabu kwa wengine na huku mfereji mbele ya depo yake umejaa takataka, hautasikilizwa. Siku ya salongo inayokuja, tuanzie hapo. Halafu tuchukue kalamu, tuandike kwa mwezi mmoja kila kinachokatwa kwa gunia juu ya njia, kilo kwa kilo, franka kwa franka, bila majina ya watu. Siku tutakapoitwa kuzungumza juu ya kodi ya barabara, tusiende na malalamiko peke yake. Twende na daftari.