AR ina macho, masikio je?

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho sisi watengenezaji wa programu tunakiacha hadi mwisho kabisa: sauti.

Kwa wageni, AR ni uhalisia ulioongezwa. Unatazama chumba chako kupitia kamera ya simu, na kitu cha kompyuta kinaonekana kimekaa mezani kama cha kweli. ARCore ya Google, iliyotoka rasmi mwaka 2018, inaweza kutambua meza iko wapi. Haikuambii kama ni ya mbao au ya mabati.

Hapo ndipo uongo unapojulikana. Mlio hutokana na vitu viwili: kinachogonga na kinachogongwa. Chukua kibuyu cha mursik, ambacho hapa Mulot hakuna asiyekijua. Kiweke juu ya vigae, utasikia mlio mkavu na mkali. Kiweke kwenye sakafu ya udongo, mlio unamezwa, unabaki mshindo mfupi. Programu ikitumia faili moja kote, jicho linakubali lakini sikio linakataa.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na Adobe walionyesha SonifyAR, mfumo unaosoma mazingira na kutumia akili mnemba kupata sauti inayofaa. Safi sana. Lakini mashine hutoa ilichofunzwa. Kama hakuna aliyerekodi sufuria juu ya mafiga, itatupa sauti ya jikoni kwa watu wengine.

Maoni yangu: tusingoje. Chukua simu, tafuta mahali patulivu, gonga kitu chako kwenye udongo, saruji, mbao na mabati, mara 5 kila mahali. Rekodi 20 za nusu sekunde, mono, biti 16, 48 kHz, ni KB 960 tu. Hata MB 1 haifiki! Kisha programu imuulize mtumiaji sakafu yake ni ya nini, ichague rekodi moja kati ya zile 5 bila mpangilio, na ipandishe sauti kulingana na kasi ya mgongano. Basi.

Kesho tukitengeneza AR ya kufundisha watoto vyombo vya Wakipsigis, mtoto akisikia kibuyu kinalia kama kikombe cha plastiki, tumemfundisha uongo. Picha za vyombo vyetu tunazichora wenyewe. Milio yake pia tuirekodi wenyewe. Anza na sufuria ya nyumbani kwenu.