TAHARIRI: George Inn imebaki ubavu mmoja, nyumba zetu je?

Wasomaji wetu wa London wanaoshukia kituo cha London Bridge huenda wamepita mara nyingi mbele ya lango la George Inn, barabara ya Borough High Street, bila hata kugeuza shingo. Ndani ya lango kuna uwanja, na upande mmoja wa uwanja huo ipo nyumba ndefu ya matofali na mbao, yenye roshani juu. Katika London nzima ndiyo nyumba ya wageni ya mwisho ya aina hiyo.

Ilijengwa upya mwaka 1677, baada ya moto wa 1676 kuteketeza sehemu kubwa ya mtaa wa Southwark. Katika ujenzi wa namna hii uzito hubebwa na fremu ya magogo. Gogo moja huchongwa ulimi, ukaingizwa kwenye tundu la jingine, kisha kikapigiliwa kigingi cha mti. Roshani nazo hazikuwa pambo. Milango ya vyumba ilifungukia huko, na mgeni aliyetoka chumbani aliweza kuona farasi na mizigo yake pale chini. Biashara ilikuwa kubwa, kwani hadi 1750 daraja la London ndilo lililokuwa peke yake katikati ya jiji, na msafiri wa kusini hakuwa na daraja jingine hapo.

Reli ilipofika London Bridge mwaka 1836, magari ya farasi yakakosa abiria. George ikaangukia mikononi mwa kampuni ya reli ya Great Northern, ikafanywa bohari, na mwaka 1889 kampuni ikabomoa pande mbili za uwanja. Hakuna aliyevunja sheria. Mwenye mali alivunja mali yake. Jirani yake Tabard, ambayo mshairi Chaucer aliwaanzishia safari mahujaji wake, ilikuwa imeshabomolewa miaka ya 1870. Ubavu uliobaki wa George ulikabidhiwa mwaka 1937 kwa National Trust, shirika la hifadhi lisilo la serikali. Leo umo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa, na kuubomoa bila kibali ni kosa la jinai.

Lakini sisi tunaona sheria peke yake isingetosha. Nyumba ile ni baa hadi leo, na hata asiyekunywa pombe huweza kuagiza chakula akakaa. Paa likivuja leo, mwenye kuuza analiona leo, maana maji yanamdondokea mteja.

Hapo ndipo tunapowageukia wasomaji wetu wa Muscat, Dubai, London na kwingineko wenye nyumba za urithi Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Kuta zetu ni za mawe na chokaa, lakini dari zinashikwa na boriti za mikoko, na adui wa boriti ni yule yule adui wa magogo ya George: maji. Nyumba ina warithi kumi na wanne katika nchi tano, ufunguo uko kwa shangazi, na kila mmoja anangoja mwenziwe atoe fedha ya paa. Maji hayangoji mirathi. Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo macho ya dunia yalikuwa juu yake, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati likitengenezwa, na watu wawili wakafariki. Sasa nyumba ya marehemu babu, iliyofungwa kwa kufuli, nani anaitazama?

Hatusemi familia zimalize ugomvi wa mirathi mwaka huu. Tunachoomba ni kidogo: kabla ya mvua za masika, warithi wachangiane wampandishe fundi juu ya paa, azibue mifereji na azibe nyufa. Na kama yupo ndugu asiye na pa kukaa, apewe chumba humo ndani, awe jicho la nyumba.